Kiondo cha Kunisindikiza

Nilisikia kwenye redio kwamba Syombua amekufa. Nilikuwa jikoni kwangu hapa mjini Wote, nachambua maharagwe, miguu nimeiweka kwenye beseni la maji ya chumvi kwa sababu siku hizi ikifika jioni inavimba na viatu vinakataa. Yule mtangazaji wa vifo alikuwa anasoma majina kwa sauti yao ile ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote: mama wa fulani, nyanya wa fulani, mkaaji wa Nuu, mshirika mwaminifu wa kanisa. Nikaacha maharagwe. Baada ya watoto, wakwe na wajukuu, mwisho kabisa, akasema, "Na mama wa Mwalimu Ndinda wa Wote." Syombua hakunizaa. Mamangu mzazi alikuwa mtu mwingine, na tulishamzika. Lakini kuna mtu kule Nuu aliyeandika tangazo akaona neno hilo halikosi kuwekwa, na mimi nikabaki nimekaa na miguu ndani ya maji mpaka yakapoa.

Nilikwenda mazishi. Sina nguvu ya mazishi tena, nasema ukweli. Mtu akiwa mwalimu zaidi ya miaka ishirini na tano, wanafunzi wake wanazika wazazi kila wiki, na kila mmoja anataka akuone umefika. Jua la Nuu lilikuwa lile lile, turubai lilikuwa dogo, na kipaza sauti kilikuwa kinalia kuliko wafiwa. Mwenye kuongoza ibada, kijana niliyemfundisha na ambaye hakuwahi kuelewa hata jedwali la elementi, akanisimamisha mbele ya watu. "Huyu mama," akasema, "aliacha kazi kubwa Nairobi, kazi ya maabara, akasikia mwito wa Mungu, akaja kutufundisha sisi watoto wa maskini. Mpigieni makofi!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono kidogo nikakaa, maana mtu habishani na mhubiri mbele ya jeneza. Lakini nilikuwa nimekasirika. Mwito! Nimesikia hadithi hiyo ya mwito kila siku ya wazazi, kila sherehe ya kustaafu, mpaka na mimi nilikuwa karibu kuiamini. Sikuitwa na mtu. Acha niseme ilivyokuwa, mwaka ule, kabla sijachoka hata kukumbuka.

Uhuru ulikuwa haujafikisha miaka kumi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi, digrii ya sayansi, na kemia ndiyo ilikuwa yangu. Kulikuwa na kiwanda cha rangi kilichoniahidi kazi kwenye maabara yake. Nilikuwa nimeiona hiyo maabara: meza ndefu nyeupe, bomba la maji safi, dirisha kubwa, na chupa za rangi zimepangwa kutoka ile hafifu mpaka ile iliyokolea. Na kimya. Nilipenda kile kimya kuliko kitu chochote. Watu wengine wanapenda densi. Mimi nilipenda kusimama peke yangu nikidondosha kitu kwenye kitu kingine nikingoja rangi igeuke. Ualimu sikuutaka. Niliwaona walimu, koti lina vumbi la chaki, mfuko umejaa madaftari ya watu, sauti imekwisha. Nikasema si mimi. Kiwanda kikaniambia, "Nenda, tutakuita." Nikangoja. Siku moja kanisani pasta akatangaza kwamba kuna shule ya harambee huko Nuu haina mtu wa sayansi hata mmoja, na watoto wa kidato cha nne wana mtihani mwisho wa mwaka. Akauliza kama kuna mtu anaweza kusaidia, hata muhula mmoja. Nilikuwa nimechoka kungoja kwenye chumba cha rafiki. Muhula mmoja, nikasema, kwani una nini?

Nilipewa chumba kwenye nyumba ya mwalimu mkuu, Bwana Kilonzo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, aliyefunzwa kufundisha shule ya msingi tu, lakini wazazi walipoanzisha sekondari yao walimpa yeye aiongoze kwa sababu hakuna mwingine. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, na kalenda ya mwaka uliopita. Ukuta kati yangu na wao ulikuwa wa mbao na haukufika kwenye mabati, kwa hivyo mambo yao yote nilikuwa nayasikia, kuanzia maombi mpaka kugombana juu ya paraffini. Jioni yangu ya kwanza nilimsikia akimwambia mkewe, "Huyu hatakaa. Wenye masomo hawakai. Yule wa kwanza aliona kisima akarudi na basi lililomleta."

"Yule ulimpa muthokoi mchana na jioni," mkewe akajibu. "Mtu wa Nairobi anakula mahindi ya kukobolewa kila siku? Huyu nitamchinjia kuku."

"Kuku mpaka lini?"

"Mpaka aolewe huku."

Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo na blanketi. Na kweli, kila Jumapili baada ya ibada kuku alichinjwa. Mvua ilikuwa imekataa mwaka huo, watu walikuwa wanahesabu punje, na watoto wa Bwana Kilonzo walikuwa wanakaa pale mlangoni na sahani zao za muthokoi mkavu wakiangalia paja la kuku likiingia kinywani mwangu. Nikiwagawia, mama yao anawatazama kwa jicho lile, wanakataa. "Tumeshiba, mwalimu." Sijawahi kula nyama chungu kama ile, na niliimaliza, maana kuacha ingekuwa matusi.

Shuleni kulikuwa na madarasa mawili ya matofali na mti wa kugongea kengele. Vifaa vya kemia vilikuwa ndani ya sanduku moja la mbao chini ya kitanda cha Bwana Kilonzo, vimefungwa kwenye magazeti, na hakuna mtu aliyewahi kuvifungua kwa kuogopa kuvunja. Kidato cha nne walikuwa wameikariri kemia yote kutoka kwenye kitabu kama Zaburi. Ukiuliza asidi ni nini wanasimama wanaimba. Aliyekuwa mbele yao wote ni msichana mmoja, Mwende, mwembamba, mwenye aibu, anayeuliza swali akiwa anaangalia meza. Mama yake alikuwa Syombua. Syombua ndiye alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi: leo tunalima kwako, kesho tunajenga kwangu, na asiyekuja anajulikana. Alikuwa mama mfupi, mpana, sauti ya kuita ng'ombe, na mikono yake haikujua kupumzika. Hata akisimama kukusalimia anasokota katani juu ya paja, hata akibeba kuni mgongoni anasuka kiondo, kikapu chetu cha katani, akitembea. Nilimwita mwaitu, kama tunavyomwita mama yeyote wa rika la mama zetu, na yeye aliniita mwalimu, neno ambalo nilikuwa namkatalia kila siku.

"Mimi si mwalimu, mwaitu. Nasaidia tu."

"Sawa, mwalimu," anasema.

Muhula mmoja ukawa miwili, maana kiwanda kilikuwa kimya. Kisha mkaguzi wa elimu akaja, akaangalia sanduku letu, akasema hivi: bila chumba cha maabara watoto hawa hawataruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo, na bila mtihani wa vitendo wasahau cheti cha kemia. Bwana Kilonzo alimsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi ameinama. Nilimwambia asijali, nikafunga mizigo nikaenda zangu likizo ya Agosti, nikazunguka Nairobi kuuliza kazi yangu. Waliniambia ningoje. Niliporudi Nuu, nikashuka na sanduku langu, nikaona pembeni mwa shule kuna jengo ambalo halikuwepo. Matofali ya kuchoma, mabati mapya yanayoumiza macho. Mwethya walikuwa wamelijenga likizo nzima. Walikuwa wamebeba mchanga kutoka mtoni, na maji walichimba kwenye mchanga huo huo wa mto mkavu, mitungi ikining'inia mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Walikuwa wamesimama mstari kuningojea, Syombua mbele, wamejipaka mafuta, na mimi nikalia kabla sijaona vizuri.

Halafu nikaona vizuri. Kwenye ukuta wa mbele, kimo cha kifua cha mtu, kulikuwa na tobo la mraba la kutosha kuingiza kichwa, na kibao chini yake cha kuwekea kitu. Na chini ya hilo tobo, ukuta mzima kutoka kona hadi kona, benchi ya matofali iliyosiribwa saruji vizuri sana. Nikauliza benchi ni ya nini.

"Ya kungojea," Syombua akasema.

"Kungojea nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, maabara bila benchi ya kungojea umeiona wapi?"

Ndipo habari ikatoka. Bwana Kilonzo mwenyewe hakuwahi kuingia maabara ya shule. Wamama wakasema hawawezi kujenga kitu wasichokijua, wakawatuma watatu waende Mwingi hospitalini kuangalia maabara inakaaje, maana hiyo ndiyo pekee waliyoisikia. Walikaa nje asubuhi yote wakipima kwa macho: benchi, dirisha dogo la kupokelea, kibao. Mfanyakazi akawafukuza kwa sababu si wagonjwa. Syombua akarudi kwenye foleni akasema anaumwa. "Nilitoa damu ya kidole," akaniambia, akanionyesha kidole, "ndipo nikachungulia ndani. Kuna meza hivi, beseni hivi. Nikaja nikawaambia."

"Na kwenye damu yako waliona nini?"

"Malaria. Kumbe nilikuwa naumwa na sikujua."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakaa kwenye hiyo benchi. Ningewaambia nini? Ndani walikuwa wamejenga meza ya saruji katikati, na beseni kwenye ukuta lisilo na bomba. Mkaguzi akarudi, akaangalia lile dirisha dogo kwa muda, akakohoa, akasema chumba ni chumba. Tukakubaliwa.

Sasa, benchi ikijengwa itakaliwa. Siku za soko wamama wakitoka kisimani wanapita shuleni, wanatua mitungi, wanakaa pale na katani zao. Kwanza nilifikiri wanapumzika. Kisha nikaanza kuona vichwa dirishani. Ninaandika ubaoni, mwanga unapungua, nikigeuka nakuta Syombua amejaza tobo lote na uso wake, Mwende ameficha uso kwa daftari. Sikuwafukuza. Ni jengo lao, ningewafukuza na nini? Siku moja nilikuwa nafundisha juu ya maji magumu, yale yenye chokaa na chumvi ambayo yanakataa povu. Sauti ikatoka dirishani, "Mwalimu, ngoja hapo. Hayo maji unasema ni kama ya kisima chetu?"

"Ni hayo hayo, mwaitu."

"Kwa hivyo shida iko kwa maji. Si kwa sabuni?"

"Kwa maji."

"Wuui! Na mimi nimemtukana mwenye duka miaka yote hii, nikimwambia anatuuzia sabuni iliyokufa!"

Benchi yote ikacheka. Darasa nalo likacheka, hata Mwende. Nikaona somo limeharibika, basi nikachukua chupa ya maji ya kisima, nikatia sabuni, nikatikisa: utando mchafu tu, hakuna povu. Nikachukua mengine ya kisima hicho hicho, nikakoroga magadi ndani, yakageuka meupe, nikayachuja kwa leso yangu, nikatia sabuni, nikatikisa. Povu likapanda likamwagika mkononi. Nikaipitisha chupa pale dirishani, Syombua akaipokea, ikaenda mkono kwa mkono mpaka mwisho wa benchi, kila mmoja akiitikisa na kumwita Mungu, Ngai! Nilisimama na mikono yenye povu nikiwasikiliza wakibishana nani atajaribu nyumbani kwanza. Nilifurahi. Nasema wazi, chuoni sikuwahi kufurahi hivyo hata siku moja. Na jioni, nikiwa nimekaa kitandani, nilikasirika kwa sababu ya furaha ile, maana nilianza kuona itanipeleka wapi, na mimi nilikuwa na mahali pangu pa kwenda.

Wiki chache kabla ya mtihani, pikapu ikasimama mbele ya shule. Alikuwa Musyoka, tuliyesoma naye chuoni, yeye alikuwa amechukuliwa na kiwanda mapema. Alikuwa anapeleka rangi Mwingi kwenye jengo la serikali, akapitia kwangu makusudi.

"Ndinda! Umekonda, haki. Wamekuita. Jumatatu unaripoti."

"Usinidanganye."

"Nikudanganye nije mpaka huku kwa vumbi? Jumamosi asubuhi nikirudi nakubeba. Uwe tayari."

Nilimkumbatia mbele ya wanafunzi. Nilikimbia kwa Bwana Kilonzo kama msichana mdogo. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akasema, "Mungu akubariki," kisha akaendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Jioni nikasikia mkewe nyuma ya mbao akisema, "Kuku wote hao," na yeye akimjibu, "Usiseme hivyo. Alikuja kwa muhula mmoja, ametupa mwaka." Kisha akaanza kuomba, akaniombea safari njema, akataja jina langu na la kiwanda, akaomba wakubwa wangu wanipende. Afadhali wangenitukana. Nilijifunika kichwa nisisikie amina.

Asubuhi Syombua alifika. Nilikuwa nimejiandaa na majibu yangu yote, kwamba mtihani umekaribia lakini nimewafundisha vya kutosha, kwamba Mwende anaweza kuwaongoza wenzake. Hakuuliza hata moja.

"Nimesikia unaenda."

"Naenda, mwaitu."

"Ni vizuri. Kazi ni kazi. Lakini hutatoka hapa mikono mitupu, watu watasema sisi ni watu gani. Nimeshaanza kiondo chako. Kikiisha, mwethya tutakusindikiza na nyimbo mpaka barabarani."

Mimi ni Mkamba, sikuhitaji kuelezwa. Mgeni aliyekaa nanyi hamumwachi aondoke hivi hivi. Na mgeni anayekimbia kabla ya kusindikizwa ameondoka kama mwizi, hata kama hajaiba. Nikauliza kama kitaisha Jumamosi.

"Kwani mimi ni mashine?" akasema, akaenda zake akisokota.

Jumamosi pikapu ikapiga honi. Nilikuwa nimefunga sanduku, nimeagana na nyumba. Kidato cha nne walikuwa maabara wenyewe, nilikuwa nimewaambia wafanye mazoezi bila mimi, wazoee. Nje, benchi ilikuwa imejaa wamama, na Syombua alikuwa katikati na kiondo changu mapajani. Nikaangalia. Kilikuwa kitako tu. Duara la ukubwa wa kisosi, na nyuzi zinaning'inia pande zote mpaka chini. Nuu nzima ilijua kwamba Syombua anaweza kuinua kiondo kutoka kitako mpaka mdomo kati ya soko na soko, tena akiwa amebeba kuni.

"Nimechelewa, mwanangu," akasema bila kuniangalia. "Mtoto aliumwa."

Mtoto mwenyewe, Mwende, alikuwa ndani, mzima wa afya, na alisikia. Nilimwona dirishani akiinamisha kichwa.

Musyoka alikuwa ameshuka. "Ni kiondo tu? Ndinda, vyondo vimejaa sokoni Nairobi. Nitakununulia viwili."

Wamama wote waliendelea kusokota, na Syombua akapitisha uzi, akaukaza, akapitisha mwingine. Hawakuniomba nibaki. Wangeniomba ningewajibu, nilikuwa na majibu. Nilisimama pale nikiwa na hasira na kila mtu, na Musyoka kwa haraka yake, na Syombua kwa uongo wake usio na hata haya, na kiwanda kwa kuniita wakati huo. Macho yangu yakaenda ndani kupitia lile tobo. Mwende alikuwa ameshika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, anadondosha soda kwenye asidi akingoja rangi igeuke, anatikisa chupa, anadondosha. Niliona mkono wake umeanza kuharakisha. Ningekuwa mtu wa kuondoka ningegeuza uso. Badala yake nilipanda juu ya benchi kwa magoti, kati ya Syombua na jirani yake, nikaingiza kichwa dirishani kama wao, nikapiga kelele, "Polepole! Tone moja moja, utaipitisha rangi!"

Alishtuka. Badala ya waridi hafifu, rangi ikawa nyekundu kabisa, imepita. Akaniangalia, machozi yamemjaa. "Mwalimu, ikipita siku ya mtihani nitafanyaje?"

"Unamwaga, unaanza tena," nikasema. "Suuza chupa. Nangoja hapa."

Honi ikalia. Nilitoa kichwa nikamwambia Musyoka aende, nitakuja kiondo kikiisha.

"Umerogwa?"

"Labda."

"Nafasi haitakungoja, Ndinda."

"Najua."

Aliondoka akitikisa kichwa, na makopo matupu ya rangi yakigongana nyuma. Nilikaa kwenye benchi nikalia kwa sauti, bila aibu, maana nilijua kabisa ile meza nyeupe na lile bomba na kile kimya vimekwenda na lile vumbi. Nilikuwa najua kiondo hakitaisha, na Syombua alikuwa anajua kwamba najua. Hakunibembeleza. Hakusema asante. Alinigusa kiuno kwa kiwiko tu.

"Sogea kidogo, mwalimu," akasema. "Umekalia uzi."

Basi, huo ndio mwito wangu. Mtihani ulifanywa, Mwende akapata cheti chake, na leo anafanya kazi ya maabara hospitalini Kitui, akipokea vichupa vya watu kwenye dirisha dogo. Kiwanda kilichukua mtu mwingine. Mimi nikaenda kusomea ualimu, nikarudi Nuu, nikafundisha humo chumbani mpaka serikali iliponihamisha kuja huku Wote, Makueni. Siku ya uhamisho nilimwuliza Syombua, nusu kwa mzaha, kiondo changu kiko wapi. Alinijibu, "Wewe huendi, umetumwa. Anayetumwa hasindikizwi." Nikaenda na jibu hilo tu. Musyoka ana nyumba nzuri Nairobi na kifua kizima. Mimi nina kikohozi cha chaki na majina ya watoto elfu ambayo yananichanganya. Nikipita ukuta uliopakwa rangi mpya bado nasimama nikaiangalia. Mtu akiniuliza kama nilichagua vizuri, sijui. Kuna asubuhi nyingi nilizoingia darasani nikiwa nimechukia, na kuna zile chache za povu. Nimechoka kuzipima.

Baada ya kuzika na kula, niliwakimbia watu wa kunisalimia nikaenda shuleni. Maabara siku hizi ni stoo ya madawati yaliyovunjika. Serikali iliwajengea nyingine, yenye mabomba. Lile dirisha dogo limepigiliwa bati. Lakini benchi ipo, imelainika kwa kukaliwa, na ilikuwa kwenye kivuli. Nikavua viatu, nikaweka miguu juu ya saruji baridi. Mwende akanifuata. Ana mvi sasa, na miwani, na bado anaongea akiangalia chini. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye leso. Akakifungua akakiweka mapajani pangu.

Kilikuwa kiondo. Nilikijua kwa kile kitako. Katani ya chini ilikuwa imegeuka rangi ya chai, ile ya juu ilikuwa nyeupe zaidi, unaona kabisa miaka ilivyopanda kidogo kidogo. Kilikuwa kimefika karibu na mdomo. Upana wa vidole vichache tu ulibaki, na nyuzi zote bado zilikuwa zinaning'inia.

"Alikuwa anakitoa kila Desemba," Mwende akasema. "Anasuka mistari kidogo, anakirudisha kwenye sanduku. Nikamuuliza, mwaitu, si ukimalize umpelekee? Akasema siku utakapoondoka kweli ndipo atafunga mdomo."

Nilikishika. Nilitafuta machozi nikakosa, nilikuwa nimechoka hata kulia. Nikasema, "Mwende mwanangu, nimestaafu. Miguu imekwisha, sauti imekwisha. Mama yako amepumzika, na mimi nipumzike. Nimalizie hiki kiondo, niende."

Akakichukua. Akakizungusha, akashika uzi mmoja, akashika wa pili, akazipitanisha, akazifumua. Akajaribu tena. Kisha akaweka mikono chini.

"Mwalimu, mimi sijui kusuka."

"Wewe? Binti wa Syombua?"

"Wasichana wengine walipokuwa wanafundishwa na mama zao hapa nje," akasema, akaelekeza kidevu kwenye lile bati, "mimi nilikuwa humo ndani na wewe."

Nikamwangalia. Naye, pengine mara ya kwanza maishani mwake, akaniangalia machoni, na tukaanza kucheka, sisi wawili wazee, siku ya mazishi, tukiwa na kiondo ambacho hakuna mtu wa kukimaliza. Alipochoka kucheka akajitupa kwenye benchi kando yangu.

"Sogea kidogo," nikamwambia. "Umekalia uzi."